Zoezi moja la goti linalofanyika sokoni

Miaka yangu ya kwanza ya fiziotherapia hapa Kisumu, kila mwenye maumivu ya goti nilimpa karatasi yenye mazoezi 10. Akirudi namwuliza kama ameyafanya, anatazama chini. Nikadhani ni uvivu.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja anayeuza nyanya soko la Kibuye. "Daktari," aliniambia, "hapa umenichorea nilale chini niinue mguu. Nikishalala, nani ataniinua?" Akanionyesha anavyokaa kutwa nzima: kigoda kifupi, magoti yamekaribia kidevu. Mwongozo wa kutibu osteoathritisi, ugonjwa wa viungo kama goti kuuma na kukakamaa, ulikuwa mezani pangu na haukukosea: mazoezi kwanza, uzito upungue kwa aliyezidisha, mgonjwa aelezwe ugonjwa wake. Ila habari ya kigoda haimo.

Tukaanza upya. Akatafuta kiti cha plastiki. Kila akimaliza kupanga mafungu ya nyanya, anaketi na kuinuka mara 5, akishuka polepole. Basi, zoezi ni hilo tu. Nikamweleza kwamba uchungu ukipanda kidogo si goti linalosagika. Kesho yake ukiwa umetulia, aendelee, usipotulia apunguze idadi. Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa hofu. Wengi huku huambiwa "mafuta ya goti yameisha", na anayeamini hivyo hathubutu kutembea. Kumbe gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, hulishwa na mwendo, na misuli ya paja ikipata nguvu hulipunguzia goti mzigo.

Uzito nao, kila kilo 1 inayopungua huliondolea goti karibu kilo 4 kwa kila hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa goti lisilouma. Kuhusu dawa, mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unatanguliza jeli ya kupaka ya maumivu kabla ya vidonge, na unakataa glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo. Tafadhali, usimeze vidonge vya maumivu miezi na miezi bila kupimwa presha na figo.

Juzi nilipita Kibuye. Jirani yake, muuza omena, alikuwa amekiazima kile kiti, akataka kujua aanze na mara ngapi. Nikamwuliza kwanza kama goti huvimba na kuwa la moto, na asubuhi hukaa gumu muda gani, maana ugumu ukipita nusu saa ningemtaka aonwe na daktari kwanza.

"Halivimbi. Na chai ikichemka, ugumu umeshaisha."

Tukaanza na mara 5.