Wasomaji Wauliza: Pedali Laini Mazeras, Msafara wa Voi na Springi Zilizokatwa

Ndugu wahariri, gari langu ni Toyota Vitz. Asubuhi breki ziko imara. Nikirudi kutoka Mariakani na mzigo, nikianza kuteremka Mazeras, pedali inalainika na kwenda karibu na sakafu. Nikiipiga-piga inarudi. Fundi amebadilisha pedi mara mbili, tatizo liko palepale. — Mama mfanyabiashara, Kisauni

Mama, tunakuomba usilipakie mzigo tena gari hilo mpaka litengenezwe. Breki zilizo imara gari likiwa baridi, zikalegea likiwa na moto, mara nyingi hazina ubaya wa pedi. Ni mafuta ya breki yaliyokunywa maji. Mafuta haya huvuta unyevu wa hewani, unaopenya kwenye mipira ya breki na kwenye kifuniko cha kopo lake lililo chini ya boneti, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishavuta maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 140. Ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji. Mteremkoni pedi hupata moto, moto ukaingia kwenye silinda za magurudumu, na mafuta yakachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabonyezeki, ila mvuke hubonyezeka. Nguvu ya mguu wako inaishia kwenye mvuke.

Kwanza hakikisha si silinda kuu ya breki. Gari limesimama, injini inanguruma, kanyaga kwa nguvu na ushikilie nusu dakika. Pedali ikizama polepole na hakuna mahali panapovuja, mipira ya silinda kuu imechoka, na kubadilisha mafuta pekee hakutakusaidia.

Ikibaki imara, badilisha mafuta yote. Usikubali kujaziwa tu. Lita 1 yatosha Vitz. Soma kifuniko cha kopo uone aina inayotakiwa; palipoandikwa DOT 3 unaweza kutia DOT 4, lakini DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo. Fundi anyonye mafuta machafu ya koponi, ajaze mapya, kisha aanze na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, mara nyingi hilo ni la nyuma kushoto. Lifuate la nyuma kulia, la mbele kushoto, na mwisho la mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema vingine, kifuate kitabu. Mmoja anakanyaga mara tatu na kushikilia, mwingine anafungua nati ya kutolea upepo iliyovishwa mpira unaoingia kwenye chupa, anaifunga, ndipo wa kwanza anaachia. Akiachia kabla nati haijafungwa, upepo unaingia na kazi inaanza upya. Kila baada ya mikanyago kumi hivi angalieni kopo lisikauke. Yakimwagika kwenye rangi, mwagieni maji mara moja, kwa maana hubandua rangi.

Baada ya hapo rudia kila miaka miwili. Chupa ya mafuta ya breki iliyofunguliwa ikakaa dukani kwa muda usiinunue. Wala asije mtu akakutilia oili ya injini au ya stelingi "kwa dharura": mipira yote huvimba na utanunua mfumo mzima.

Ukiteremka Mazeras, weka gia ya chini (2, L, S au B kwa otomatiki) kabla mteremko haujaanza, uiache injini ishike gari. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha achia zipoe. Usizigusie njia nzima. Wapo wanaotoa gia ili kuokoa petroli. Injini za sindano hukata petroli gari linapoteremka ndani ya gia bila mguu kwenye mafuta; gia ikitolewa, injini inachoma petroli ili isizime. Anayetoa gia anatumia zaidi na anaziachia breki kazi yote.

Nimefunga balbu nyeupe za LED kwenye taa za halojeni. Naona vizuri lakini matatu zote zinanimulikia. Kwani vipi? — Msomaji, Changamwe

Kwa sababu unawapofusha. Kioo cha ndani cha taa yako kimechorwa kwa ajili ya waya mdogo wa balbu ya halojeni ulio mahali pamoja. LED ikikaa milimita chache pembeni, mwanga hutawanyika juu. Rudisha halojeni za wati 55, badilisha zote mbili, na usafishe lenzi zilizofifia. Hizo ndizo huwa chanzo cha giza. Kisha simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare: ukingo wa juu wa mwanga mdogo uwe sentimita 10 chini ya urefu wa taa yenyewe.

Sisi ni kundi la wapenda magari, magari tisa. Tunataka kwenda Voi Jumapili moja na kurudi siku hiyohiyo. Tufanyeje tusipotezane na tufike salama? — Vijana wa Bamburi

Swali zuri, na tunafurahi mmeuliza kabla ya kuondoka. Jambo linaloua kwenye misafara ni woga wa kuachwa. Wa mbele amelipita trela, wa pili anamfuata bila kuona mbele, wa tatu anamfuata wa pili.

Tufanye hesabu. Trela lina urefu wa mita 18 hivi na linakwenda 70. Wewe unakwenda 100. Unalizidi kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8 na kidogo kwa sekunde. Unatoka mita 30 nyuma yake na unataka kurudi mita 30 mbele yake, ukijumlisha na urefu wa gari lako ni karibu mita 83. Hizo ni sekunde 10, na ndani ya sekunde hizo umekwenda mita 280 za barabara. Anayekuja upande wa pili kwa 100 naye amekwenda 280. Kwa hiyo unahitaji zaidi ya nusu kilomita iliyo wazi kabisa. Anayekufuata mita 30 nyuma anahitaji sekunde 4 nyingine, na akimaliza anakuta mwanya wa mbele ya trela umeshajazwa na wewe. Ndiyo maana kila dereva alipite peke yake, kwa macho yake mwenyewe. Wa mbele asimwashie indiketa wa nyuma kumwambia njia ni nyeupe.

Gawanyikeni makundi mawili, la magari manne na la matano, yaachane dakika kumi. Ndani ya kundi acheni sekunde tatu: kwa kasi ya 80 hizo ni karibu mita 67, na wageni wataingia katikati. Waacheni waingie. Dereva mzoefu kuliko wote akae mwisho. Anayeongoza aendeshe kwa uwezo wa gari dhaifu kuliko yote. Kupotezana kusiwaogopeshe: kubalianeni mapema mahali pa kusubiriana, kwa mfano kituo cha petroli Mariakani, kingine Maungu, na Voi penyewe, na atakayechelewa asikimbize. Simu zishikwe na abiria, wala asiwepo dereva wa kurekodi video.

Sheria inaruhusu 50 tu mnapopita miji na vituo vya biashara. Mariakani, Samburu, Mackinnon Road na Maungu ni 50, na kuna matuta. Kati ya Taru na Voi tazameni ng'ombe na mbuzi kandokando, na mkikaribia Tsavo hata ndovu. Mkiona matawi ya miti yametandazwa barabarani, ondoeni mguu kwenye mafuta papo hapo: mbele kuna lori lililokufa, pengine halina taa.

Tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua litakuwa mgongoni mwenu, na mkigeuza Voi saa nane mchana litakuwa mgongoni tena. Raha hiyo ina hatari yake: anayekuja mbele yenu ndiye jua limempiga machoni, huenda hawaoni. Endesheni taa zikiwa zimewashwa njia nzima. Saa nane iwe ndiyo mwisho, ili giza lisiwakute upande wa Samburu pamoja na malori.

Usiku wa kuamkia safari, magari yakiwa baridi, pimeni upepo wa matairi kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Msipunguze upepo barabarani kwa sababu tairi limepata moto. Tairi lenye upepo mdogo hupinda zaidi, huzidi kupata moto na kupasuka. Angalieni na spea. Tazameni herufi DOT ubavuni mwa tairi: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la umri huo, hata lina meno, lisiende Voi. Wengi hununua matairi ya mitumba wakapima meno tu, na hili ndilo kosa tunalolikuta zaidi. Kila gari libebe pembetatu mbili za onyo. Likiharibika, wekeni moja mita 100 nyuma, na watu watoke garini wasimame mbali na lami.

Mambo vipi wakubwa. Nimeshusha Impreza yangu kwa kukata springi, mzunguko mmoja na nusu, kwa gesi. Sasa inagonga kwenye matuta na inakwaruza nikiingia feri. Nizibe vipi hiyo sauti? — Kijana wa Likoni

Poa kijana. Sauti hiyo usiizibe, inakuambia kitu. Moto wa gesi umelainisha chuma cha springi karibu na ulipokata, kwa hiyo pale patainama au patavunjika. Ncha uliyobakisha haikai sawasawa kwenye kikombe chake. Gurudumu likining'inia kwenye shimo springi inaweza kuruka. Shokamzoba nazo zimeishiwa na nafasi ya kushuka, ndiyo maana zinagonga mpira wa mwisho. Likigonga katikati ya kona gari hupoteza mshiko ghafla, na hapo usukani hausikii.

Tafuta springi nzima. Ukitaka lishuke, nunua zilizotengenezwa kushusha, si zaidi ya milimita 30, pamoja na shokamzoba zinazolingana nazo, kwa jozi. Kisha pima mwelekeo wa magurudumu, la sivyo matairi yataliwa upande wa ndani. Rekebisha na taa. Ukipenda rimu kubwa, kipenyo cha jumla kisibadilike: 195/65 R15, 205/55 R16 na 225/45 R17 zinatofautiana chini ya milimita 3. Kaza nati kwa mpangilio wa nyota, urudie baada ya kilomita 50.

Kuhusu feri, mlango wake huinama zaidi maji ya bamvua yakiwa yamepwa. Mwenye gari la chini atazame saa za maji au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Ukishapanda, zima injini, tia gia au P, na uvute breki ya mkono mpaka mwisho. Mnamo Septemba 2019 gari lilirudi kinyumenyume kutoka feri ya Likoni likazama na watu wawili, mama na mwanawe.

Wanangu, nina Peugeot 504 niliyoitunza miaka mingi. Naiosha kila siku lakini kutu haliishi. Nifanyeje? — Mzee wa Mji wa Kale

Shikamoo mzee. Hongera kwa kuitunza. 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978, na inastahili.

Tunashuku maji. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na kuosha kila siku kwa maji hayo ni kuipaka gari chumvi kila siku. Dondosha tone kwenye kioo safi likauke juani: likiacha doa jeupe, maji hayo usiyatumie. Osha mara moja kwa wiki kwa maji yasiyo na chumvi, ya mfereji au ya mvua, na lita 20 za mwisho zipige chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu. Maji ya kisima cha chumvi yasiingie hata kwenye rejeta. Injini yako ina bloku ya chuma na kichwa cha aluminiamu, na maji ya chumvi hula kichwa kwanza. Tia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa.

Zibua kwa waya matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na kwenye vizingiti. Inua mazulia uangalie sakafu. Kisha chukua bisibisi uchokoe vizingiti, sehemu za juu zinaposhikilia shokamzoba za mbele, na mahali mikanda ya usalama ilipofungwa. Ikitoboka hapo, puti haifai hata kidogo. Fundi akate mpaka chuma kizima na achomelee bati jipya, betri ikiwa imetolewa. Chuma kikishang'aa kipakwe rangi ya kwanza siku hiyohiyo, maana kwa unyevu wetu kesho kitakuwa kimeshashika kutu. Ndani ya vizingiti pulizia nta.

Wakikwambia wanyunyize oili chafu chini ya gari, kataa. Inaozesha mipira ya breki na bushi, na ikifika kwenye pedi gari halisimami.