Kukaza kinobu hakutaiponya Impreza yako

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina Subaru Impreza ya 2005. Naishi Morogoro na karibu kila wiki naenda Dodoma. Nimefunga koilova za mtumba (shokapu na springi vikiwa kitu kimoja) zile za kurekebisha, gari likashuka na kukaa vizuri sana. Tatizo ni kwamba nikipita kwenye rasta za barabara kuu linatetema vibaya, na mwisho wa rasta mbele kunagonga, ko! Fundi aliyenifungia aliniambia nikaze kinobu, kile kitufe cha kuzungusha cha kurekebisha shokapu, hadi mwisho. Nimekaza, limezidi. Tairi mpya za mbele nazo zimeanza kulika upande wa ndani. Ninunue koilova nyingine?

Jibu: Usinunue kitu bado. Kabla hujasafiri tena, rudisha kinobu hadi katikati ya kliki zake (hatua zinazolia ukikizungusha), na shokapu zote nne ufanye hivyohivyo.

Huo ushauri wa “kaza hadi mwisho” nakutana nao kila wiki, na umeharibu magari mengi kuliko mashimo ya barabarani. Watu wanachukulia koilova kama kitu kimoja chenye kiasi kimoja: ukikaza ni gumu, ukilegeza ni laini, basi. Mle ndani kuna mambo matatu tofauti, nayo ni ugumu wa springi, kasi ya shokapu kurudi, na urefu wa gari. Kinobu kinagusa hilo la pili tu. Kwenye koilova nyingi zenye kinobu kimoja, kazi yake kubwa ni kuchelewesha shokapu inapofunguka baada ya kubonyea. Sasa fikiria rasta: tuta dogo, pengo, tuta, pengo, kwa haraka. Umekaza hadi mwisho, kwa hiyo tairi halipati muda wa kushuka kwenye pengo kabla tuta linalofuata halijafika. Kila tuta linalikuta gari liko chini kidogo kuliko lilivyokuwa kwenye tuta lililopita. Linazama hatua kwa hatua hadi nafasi ya shokapu inaisha, ndiyo hiyo “ko” unayoisikia mwishoni.

Lakini hata ukilegeza, nina wasiwasi na namna lilivyoshushwa. Koilova nzuri ina njia mbili za kubadilisha urefu: ringi zinazobeba springi, na braketi ya chini inayozunguka kwenye nyuzi za mwili wa shokapu. Urefu unatakiwa kurekebishwa kwa braketi, kwa sababu shokapu inabaki na nafasi yake yote ya kufunga na kufungua. Anayeshusha gari kwa kuteremsha ringi anaishusha pistoni karibu na mwisho wake, na springi inabaki imelegea.

Jipimie mwenyewe. Piga jeki tairi la mbele lining'inie, ukalisimamishe gari kwenye stendi, kisha shika springi kwa mkono. Kama inacheza au inazunguka, ringi zimeteremshwa kupita kiasi. Halafu funga kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye fimbo ya shokapu, kama inaonekana, uendeshe njia yako ya kawaida. Ukikuta kamba imesukumwa hadi kwenye raba ya kuzuia kugonga, unatembelea raba hiyo, si springi.

Na usikubali fundi akukazie hizo ringi akidai “anaongeza ugumu wa springi”. Hilo ndilo linalonichosha kuliko yote. Springi ya kawaida iliyoandikwa 6 inabonyea milimita moja kwa kila kilo 6. Mzigo wa kilo 300 ukikaa juu yake, itabonyea milimita 50. Ukipandisha ringi milimita 10, gari linapanda tu. Springi inabaki ileile, mzigo uleule, 6 inabaki 6. Anayetaka ugumu mwingine abadilishe springi.

Kuhusu tairi, gari la mfumo wa MacPherson (shokapu ndiyo inayoshikilia tairi kwa juu) kama lako likishuka, mikono ya chini (vyuma vinavyounganisha tairi na bodi) inabadilisha pembe na uelekeo wa tairi unavurugika. Wengi wanalaumu tairi kulala ndani kwa juu, lakini tairi zinazoelekea pembeni badala ya mbele moja kwa moja ndizo zinazosaga mpira haraka zaidi. Weka urefu kwanza, uendeshe siku chache springi zitulie, ndipo uende kwenye mashine ya alaimenti. Kabla ya hapo, bolti za bushi (raba) za mikono zilegezwe na kukazwa upya gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa tairi linaning'inia, raba inakaa imejipinda muda wote na inachanika mapema.

Pandisha gari lako, ndugu yangu, hata kama halitapendeza machoni kama sasa. Kwenye MacPherson, kushusha kupita kiasi kunaongeza gari kulala kwenye kona kwa sababu mikono ya chini imepinduka kuelekea juu. Unalipia gharama ya kulifanya liwe baya.

Wengine mnaosoma hapa na mnapanga kufuata njia hii: koilova za mtumba zilitengenezwa kwa gari fulani na barabara fulani, na nyingi zina springi ngumu mara mbili ya zile za kiwandani. Zikivuja oili, au fimbo ikiwa na kutu, ziacheni dukani. Anayewaambia atatoboa shokapu, ajaze oili kisha achomelee, msimpe hata ya kujaribu: shokapu nyingi zina gesi ya nitrojeni yenye shinikizo kubwa, na moto juu ya chombo hicho unaweza kumuua yeye na aliyesimama karibu. Anayekata springi kwa moto anaua ukakamavu wa chuma, na ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kiti chake. Na ringi zikiwa zimeganda hadi muuzaji anaanza kuzipiga kwa patasi na nyundo, urefu hamtaweza kuurekebisha tena. Rudisheni mzigo huo papo hapo.