Mkataba wa miezi sita kwa tabibu mpya
Mdogo wangu, hongera kwa kumaliza diploma ya utabibu. Unauliza uchukue mkataba wa miezi sita kwenye kituo cha afya binafsi au usubiri ajira za serikali. Mimi ningeuchukua, ila kwanza ningeuliza: usiku akiletwa mtoto mwenye degedege, nampigia nani? Kwenye mkataba wangu wa kwanza niliachwa zamu peke yangu wiki ya pili tu, na hofu ile naikumbuka hadi leo. Kama hakuna mzoefu wa kukushika mkono, mshahara usikuvute. Leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika iwe hai, na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara kwa jumla yako na ya mwajiri, uandikwe kwenye mkataba. Maombi ya serikalini endelea kutuma.