Logi bila kikokotoo: shika 2, 3 na 7

SWALI: Mhariri, nawezaje kukadiria logi ya 53, au thamani ya 7²⁰, bila kikokotoo wala jedwali? Nakwama namba ikishakuwa haivunjiki. (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Kariri logi tatu tu za kizio cha 10 (logi ni kipeo unachoipa 10 ili upate namba hiyo): ya 2 ni 0.301, ya 3 ni 0.477, ya 7 ni 0.845. Ya 5 inapatikana yenyewe: 1 toa 0.301, yaani 0.699. Hata ukizisahau, zinatafutika. 7⁴ ni 2401. Ichukue kama 2400, yaani 8 × 3 × 100. Jumlisha 0.903 + 0.477 + 2, unapata 3.380. Gawa kwa 4: 0.845.

Namba tasa kama 53 itafutie jirani anayevunjika. Hapa ni 54, yaani 2 × 27, na logi yake ni 0.301 + 1.431 = 1.732. Kushuka kutoka 54 hadi 53 ni kupunguza 1/54, kama 0.0185. Zidisha kwa 0.434 upate 0.008, kisha toa: 1.724. Kikokotoo kinatoa 1.7243. Wengi husahau hiyo 0.434. Badiliko dogo huingia lilivyo kwenye logi asilia (ya kizio e, kama 2.718), na logi ya kizio cha 10 ni 0.434 tu ya logi asilia. Jirani asiwe mbali zaidi ya asilimia 5. Akifika asilimia 10, tarakimu ya tatu ya desimali inaharibika.

Kwa 7²⁰, zidisha 20 × 0.845 = 16.9. Ile 16 ni 10¹⁶. Inabaki 0.9, pungufu ya logi ya 8 kwa 0.003. Sasa unarudi kutoka kwenye logi, kwa hiyo zidisha pengo kwa 2.303, yaani 1 gawa kwa 0.434: 0.007. Punguza 8 kwa asilimia 0.7, unapata 7.94 × 10¹⁶. Jibu halisi ni 7.98 × 10¹⁶. Angalia sana hapa, maana kipeo huzidisha kosa. Aliyeichukua 49 kama 50 atasema logi ya 7 ni 0.8495. Amekosea kwa 0.0045 hivi tu, lakini mara 20 ni 0.09, na jibu lake linazidi kwa zaidi ya asilimia 20.

Na logi ya 0.053? Ni 1.724 toa 3, yaani −1.276. Usiandike −2.724: ile 0.724 ni chanya, inajumlishwa kwenye −2.

SWALI: Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Kasi ya ukuaji kwa mwaka inakadiriwaje? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: 61.7 gawa kwa 44.9 ni 1.374. Jirani yake ni 1.4, yaani 7/5: 0.845 toa 0.699 ni 0.146, mara 2.303 ni 0.336. Namba yetu iko chini ya 1.4 kwa asilimia 1.9, basi toa 0.019, hapa tuko kwenye logi asilia, 0.434 haihusiki. Inabaki 0.317. Gawa kwa miaka 10: karibu asilimia 3.2 kwa mwaka.

Kujua muda wa kuongezeka mara mbili, gawa 70 (logi asilia ya 2 ni 0.69, karibu asilimia 70) kwa 3.2: miaka 22 hivi, kasi isipobadilika. Kwa riba ya asilimia 8 hadi 10 inayolimbikizwa kila mwaka, 72 inafaa kuliko 70. Kwenye mkopo wa asilimia 24 hata 72 inapunja: inakupa miaka 3, wakati halisi ni 3.2.