Saa 14 za Kwenye Simu na Siku Mbili za Njiani

Ndugu zangu, mmeniuliza kwa nini niliwasili siku ya tatu baada ya kupigiwa simu ya msiba wa shangazi, ilhali mtandao unaonyesha kuwa kutoka mji ninaoishi hadi nyumbani ni kilomita 12,000 na mwendo wa saa 14 tu. Swali lenu ni la haki, nami nalijibu bila kuficha.

Hesabu ile si ya uongo, ila ni ya ndege isiyokuwapo. Kinachopimwa ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, kisha umbali huo hugawanywa kwa kasi ya ndege ya abiria, ambayo ni takriban kilomita 900 kwa saa. Ndege za moja kwa moja za masafa kama hayo zipo, kwani ile ya Singapore hadi New York hukata zaidi ya kilomita 15,000 bila kutua, kwa saa 18 na ushee. Kati ya miji yetu miwili hakuna, hivyo ni lazima nibadilishe ndege katika uwanja ulio kando kabisa ya njia hiyo fupi.

Safari ile, ndege ya kwanza ilichelewa kuruka kwa dakika 50. Nilipofika mbio kwenye lango la ndege ya pili, lilikwisha kufungwa, na kupitia kioo niliiona ndege ingali imesimama pale pale. Iliyofuata ilikuwa ya kesho yake jioni. Nililala kwenye viti vya chuma, na asubuhi miguu ilikuwa imevimba hata kiatu cha kushoto kikakataa kuingia. Wakati huo ninyi mlikuwa makaburini.

Tena msitoe saa ya kuondoka katika saa ya kufika mkadhani mmepata muda wa safari, kwa sababu tiketi huandika saa za kila mji. Anayeondoka London saa tano asubuhi hufika New York saa nane mchana siku hiyo hiyo, lakini amekaa angani saa nane nzima, si tatu. Kurudi humchukua kama saa saba, maana upepo mkali wa juu huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege.

Mniwie radhi kwa kusinzia mbele ya wageni. Mwili huhitaji karibu siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti ya majira kati ya mji na mji.

Kwa hiyo nawaomba, mama akiugua, nipigieni siku ile ile anapolala kitandani, msingoje hali iwe mbaya kwa kunihurumia. Hata nikiwa na tiketi mkononi, siku mbili hazipungui.