Ukipewa mada ya tepe za fosforini, anzia ukingoni

Kuna mdogo wangu mmoja anayesoma fizikia ameniandikia: "Shikamoo kaka. Msimamizi amenipa usafiri wa elektroni kwenye tepe za fosforini (vipande vyake vyembamba na virefu), tasnifu ya uzamili. Chuoni hatuna maabara ya nano. Nibadili mada?"

Marahaba. Usibadili. Na kwa kuwa makala yangu kuhusu tepe hizohizo imekubaliwa na jarida majuzi (ndiyo, najisifu, nimeisubiri sana), nakujibu hapa hadharani, maana najua mko wengi.

Fosforini ni tabaka moja la atomu kutoka kwenye fosforasi nyeusi. Percy Bridgman aliitengeneza fosforasi hiyo mwaka 1914 kwa mgandamizo mkubwa, lakini ilibidi ifike 2014 ndipo watafiti wa China na Marekani waunde transista, yaani swichi ndogo za umeme, kwa matabaka yake membamba. Grafini, tabaka moja la atomu za kaboni, imelala bapa. Fosforini ina migongo kama bati la nyumba, na utamu wote uko kwenye hiyo migongo.

Nilianza na laptop ya mtumba na Kwant, programu ya bure ya Python ya kukokotoa usafiri wa elektroni. Hayo ya kusakinisha nayaruka, hayana hadithi. Nikachukua modeli ya wanafizikia Rudenko na Katsnelson ya 2014, yenye aina tano za miruko ya elektroni kati ya atomu na atomu. Miwili ndiyo mikubwa: kati ya majirani wa ngazi moja (migongo ina ngazi ya chini na ya juu) ni elektroni-volti, kipimo cha nishati, -1.220, na kutoka ngazi ya chini kwenda ya juu ni 3.665.

Sasa kaa na kalamu. Kwenye tepe ya ukingo wa zigizaga, yaani iliyokatwa hivi kwamba atomu za ukingoni zinapinda huku na huku, ukiacha miruko midogo, wimbi la elektroni likiingia ndani hatua moja huzidishwa kwa namba isiyozidi 2.44 gawanya kwa 3.665, yaani kama 0.67. Iko chini ya 1 kwa kila thamani ya k, namba inayoeleza wimbi linavyosafiri kandokando ya tepe. Kwa hiyo wimbi linafifia kila hatua na elektroni inabaki ukingoni. Kwenye grafini namba hiyo inaweza kufika 2, ndiyo maana hali zake za ukingoni huishi sehemu tu ya ukanda wa Brillouin (eneo la thamani zote za k) na kuungana na bendi za ndani, yaani nishati zinazoruhusiwa kwa elektroni za ndani ya tepe. Za fosforini zimejitenga kabisa, katikati ya pengo la nishati, pale ambapo elektroni za ndani haziruhusiwi. Siku nilipoliona hili kwenye karatasi, kabla ya kompyuta, nilitoka nje nikatembea.

Basi ushauri wangu wa kwanza: chora bendi kabla ya kukokotoa upitishaji wa umeme. Wa pili ni huohuo. Utaona bendi mbili karibu bapa, moja kwa kila ukingo, upana wake takriban elektroni-volti 0.28, na upana huo unaletwa na mruko mdogo wa nne, -0.105. Weka uwanja wa umeme kukatiza tepe: bendi moja inapanda, nyingine inashuka. Zikiachana kabisa, ya chini imejaa, ya juu tupu, mkondo unakatika. Hiyo ni transista. Aliyeielewa picha hii hashangazwi na grafu yoyote ya upitishaji, kwa sababu upitishaji hupanda kwa ngazi, na ngazi hizo unazihesabu kwa macho kwenye bendi.

Nilipowasilisha pendekezo langu, mjumbe mmoja wa jopo aliuliza, "Hii itamsaidia nani hapa, na umeme wenyewe unakatika?" Ukumbi ukacheka. Sijasahau kicheko kile, na sitajifanya nimesahau. Mwaka 2019 kundi la University College London lilitengeneza tepe hizi kweli, kwa kupenyeza lithiamu ndani ya fosforasi nyeusi na kuzitenganisha kwenye kimiminika. Nyingi zilikuwa na upana wa nanomita 4 hadi 50. Nyie vijana, msiombe radhi kwa kufanya nadharia! Msiende kwenye jopo mmeinama. Fizikia haiulizi kitambulisho, na mtu asiyechora bendi hana haki ya kuwacheka wanaochora.

Ila jiandae kwa mhakiki, yule anayeipima makala yako kabla jarida halijaikubali. Atakuuliza kuhusu kingo zenye kasoro, na ana haki: bendi iliyo bapa hivi ina elektroni za mwendo mdogo, na kasoro chache tu huzikwamisha. Atakuuliza pia kuhusu hidrojeni, kwani ikishika kingo tupu za zigizaga, tepe huwa nusukipitishi, si kipitishi tena. Na fosforini huharibiwa na oksijeni na unyevu wa hewa. Yaandike hayo mwenyewe kabla hajayaandika yeye.

Kwa hiyo mdogo wangu, wiki hii weka miruko yote mitano, tepe ya zigizaga, bila uwanja wa umeme. Nitumie mchoro wa bendi. Grafu ya mkondo usinitumie kwanza, sitaifungua.