Slaidi za Kodachrome Ulizorithi: Zinakili Kabla ya Kuzionyesha

Ukirithi boksi la slaidi za rangi, yaani vipande vya filamu vinavyomulikwa ukutani kwa projekta, au mikanda ya sinema za nyumbani, usikimbilie kutafuta projekta. Najua hamu hiyo inavyovuta, kwani nilipokabidhiwa slaidi za marehemu baba pale Upanga nilitamani ukoo mzima ukae sebuleni uzitazame siku hiyohiyo. Lakini Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak ambayo hutunza rangi zake kwa miongo mingi ikiwa gizani, hufifia upesi inapomulikwa mara kwa mara na taa kali ya projekta, na slaidi iliyofifia haina mbadala.

Filamu hii ilianza kuuzwa mwaka 1935, na mwaka 2009 Kodak ilitangaza kuacha kuitengeneza. Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, iliacha kupokea mikanda mwishoni mwa Desemba 2010. Hilo lilikuwa pigo kubwa kwa sababu filamu nyingi za rangi hubeba ndani yake kemikali za kujenga rangi, ilhali Kodachrome ilitiwa rangi wakati wa kusafishwa, kwa dawa zake za pekee. Kwa hiyo ukikuta mkanda ambao haukuwahi kusafishwa, fundi stadi huenda akakutolea picha nyeusi na nyeupe. Rangi zake hazipatikani tena, hata ulipe kiasi gani. Inaniuma kuliandika hilo. Ektachrome, filamu nyingine ya slaidi ya Kodak, iliyoachwa mwaka 2012 ilirejeshwa mwaka 2018, nasi wapenzi wa Kodachrome tukabaki na hizi tulizoachiwa na wazee.

Ili uitambue slaidi ya Kodachrome, soma maandishi ya fremu yake, kisha iinamishe kwenye mwanga wa dirisha: upande mmoja utaona picha imeinuka kidogo kama nakshi. Katika slaidi mojawapo ya baba, pindo la khanga ya shangazi linaonekana hivyo juu ya filamu yenyewe, na wekundu wake haujapauka.

Adui mkubwa hapa Dar es Salaam ni joto na unyevunyevu, hasa wakati wa masika, ambapo kuvu huota kwenye jelatini inayobeba picha. Weka slaidi kwenye chombo chenye vifuko vya silika jeli, mbali na ukuta wenye unyevu, na kamwe usizifute kwa maji. Nusa mikanda ya sinema pia: unaonuka siki umeanza kuoza, basi utenge na mingine na uwe wa kwanza kunakiliwa.

Unapoziskani, zima kipengele cha kuondoa vumbi kwa infraredi, kwa kuwa mara nyingi huharibu picha za Kodachrome. Tumia kipulizio cha mkono. Kaa na wazee wakutajie watu na mitaa, uandike kwenye jina la kila faili, na nakala moja umpe ndugu anayeishi nyumba nyingine.